Kabla Hujanunua Loda, Hesabu Hatua

Hotuba kwa wenye biashara ndogo za kukata na kutunza miti, Brooklyn Park, Minnesota, Jumamosi ya mwisho wa Februari.

Shikamooni wazee. Ndugu zangu, dada zangu, hamjambo.

Nimeombwa niseme kuhusu loda ndogo, na sababu naijua. Mmeiona yangu pale nje juu ya trela. Na kuna kaka mmoja humu ndani amenipigia simu mara tatu tangu Krismasi na swali lile lile: "Ninunue au nisinunue?" Mara zote tatu nilimjibu "inategemea," na mara zote tatu akakata simu bila kuniaga. Leo amekaa mstari wa mbele na kalamu mkononi, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Kwa mliosindikiza waume na wake zenu na hamjui tunaongelea nini: loda ndogo ni mashine ya kubeba, fupi, nyembamba, inayotembea kwa mikanda ya mpira. Dereva haketi. Anasimama nyuma kwenye kibao, kama kondakta wa daladala mlangoni. Mbele ina mikono miwili, na kwenye mikono unafunga ndoo, uma au makucha. Sisi wa miti tunafunga makucha. Inashika gogo, inanyanyua, inaondoka nalo, basi. Haipandi mti, haikati, haiendi kuzungumza bei na mteja. Mkilikumbuka hilo tu mtakuwa mmeokoa pesa nyingi, kwa sababu wengi tunanunua mashine ya kubeba wakati shida yetu haiko kwenye kubeba.

Mimi nimekulia Mafinga, wilaya ya Mufindi, jirani na msitu wa Sao Hill. Watu wa Iringa mko wengi humu, kwa ule undugu wa makanisa ya kwetu na ya hapa Saint Paul, na nyinyi sina haja ya kuwaeleza ding-dong ni nini. Wengine: ni kinu cha kupasulia mbao, msumeno wa duara na injini yake, unakifungua vipandevipande, unakihamisha, unakifunga kwingine. Baba yangu mdogo alikuwa nacho kimoja. Kila baada ya wiki chache tulikuwa tunakihamisha, na mimi kijana niliona ni mateso ya bure. Siku moja nikamwuliza, kwa nini tusikiache kilipo, magogo ndiyo yaletwe? Hakunijibu. Alinipeleka kwenye rundo la misonobari, akanionyesha gogo moja, akasema, "Beba." Nikajaribu, nikashindwa. Akasema, "Yako mia mbili. Kinu ni kimoja."

Hesabu ile nilikuja nayo Marekani, nikaisahau, na kuikumbuka kulinigharimu.

Mwaka wa pili wa biashara yangu nilikwenda mnadani nikanunua loda. Si hii ndogo. Ile ya kawaida, ya magurudumu manne, unaingia ndani ya kibanda unaketi. Nilitoa dola 11,000. Injini ilinguruma vizuri, rangi ilikuwa bado inang'aa, na mimi nilikuwa nimechoka kuburuta matawi. Mtu aliyechoka hapaswi kwenda mnadani. Kazi ya kwanza ilikuwa kwa mama mmoja mzee upande wa mashariki wa Saint Paul, mti wa ashi uliokufa nyuma ya nyumba. Nikashusha mashine kwa madaha, nikaiendesha mpaka getini. Geti lilikuwa na upana wa inchi 42. Mashine ilikuwa na inchi 66.

Nilikaa mle kibandani, injini inanguruma. Vijana wangu wawili wananitazama. Mama naye yuko dirishani na kikombe chake cha kahawa, anatabasamu kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko matusi. Tukaburuta kwa mikono siku nzima, kama tulivyoburuta wiki iliyotangulia, na mashine ikalinda barabara.

Kazi iliyofuata nikawa mjanja, nikaomba kung'oa kipande cha uzio. Ilikuwa Aprili. Mnajua Aprili ya hapa: barafu inayeyuka juu, chini bado kumeganda, maji hayana pa kwenda na udongo unakuwa uji. Loda ya aina ile haikati kona kama gari. Inageuka kwa kuburuza magurudumu ya upande mmoja. Kwenye zege ni sawa. Kwenye ukoka wa mtu, mwezi wa Aprili, ni jembe la ng'ombe. Nililipa ukoka mpya, nikalipa uzio, na baada ya miezi saba nikaiuza dola 8,500. Nilipomweleza mke wangu, hakusema kitu. Alikwenda dukani akarudi na daftari la shule, lile la jalada gumu jeusi na jeupe, akaliweka juu ya usukani wa gari langu. Yeye ni nesi. Anaamini kwamba kisichoandikwa hakikutokea.

Jambo moja la kuchekesha kabla sijafungua daftari. Mashine hizi za familia ya loda zimezaliwa hapa hapa Minnesota, na zilizaliwa kwa sababu ya ufinyu. Mwaka 1957, kule Rothsay magharibi mwa jimbo, mfugaji wa bata mzinga aitwaye Eddie Velo alikuwa na banda ambalo trekta haliwezi kusafisha: lina nguzo katikati, na sehemu nyingine iko ghorofani. Akawaendea mafundi wawili ndugu, Cyril na Louis Keller, wakamtengenezea kijimashine cha magurudumu matatu, chepesi cha kupanda ghorofani, kinachogeuka pale pale kiliposimama. Mwaka uliofuata kampuni ya Melroe ya Gwinner, North Dakota, ikakichukua, na ndiko lilikotoka baadaye jina la Bobcat mnaloliona kwenye loda. Kwa hiyo aliyeianzisha mashine hii aliuliza kwanza habari ya mlango na nguzo. Mimi, miaka mingi baadaye, saa tatu kwa gari kutoka Rothsay, nilinunua bila kupima geti.

Sasa daftari.

Kila kazi niliandika hatua kutoka kwenye kisiki mpaka pale chipa inaposimama. Chipa ni ile mashine ya kusaga matawi, nadhani humu wote tunaiita hivyo. Niliandika upana wa geti. Niliandika saa tulizotumia kuburuta na kubeba, kila mtu na zake. Na jioni niliandika sentensi moja: leo nini kilituchelewesha? Nilifanya hivyo kwa kazi 30, tangu Mei mpaka Septemba.

Kazi 11 kati ya hizo 30 hazikuhitaji mashine yoyote ya kubeba. Mti ulikuwa mbele ya nyumba, au chipa ilifika ndani ya hatua 15. Na sikilizeni hapa, maana ndiyo hesabu ya baba mdogo: nne kati ya hizo 11 zilionekana mbali mwanzoni. Nyumba nyingi za Minneapolis na Saint Paul zina kichochoro nyuma, kinapopita gari la taka. Siku zote tulikuwa tunapaki barabarani mbele, kwa mazoea, halafu tunaburuta matawi hatua 60 kuzunguka nyumba. Tukiingiza chipa kichochoroni, hatua 60 zinakuwa 12. Gharama yake ni kugonga mlango wa jirani jana yake na kumwambia kesho asubuhi tutaziba kwa saa mbili. Angalieni nyaya tu, kwa sababu vichochoroni ndiko nguzo za umeme zinakopita, na mimi sitaki kusikia kwamba mtu alikwenda kichochoroni kwa ushauri wangu akanyanyua tawi kwenye waya.

Kazi saba nyingine zilikuwa za kati, hatua 15 mpaka 30. Hizo tulizitatua kwa toroli la magogo, la magurudumu mawili makubwa, la dola mia chache. Halina injini, halina mkopo, na likiharibika unalichomelea mwenyewe. Nashangaa mtu anayeuliza habari ya loda ya maelfu wakati hajawahi kununua toroli.

Zikabaki 12 za mbali kweli. Katika hizo, tatu hata loda ndogo isingepita: moja ilikuwa na ngazi za mawe, mbili zilikuwa na geti la inchi 32. Tisa, basi. Tisa katika thelathini. Kama mngeniuliza siku ya mnada, ningeapa kwamba ni kazi zote.

Haya, pesa. Nitawapa namba zangu kama zilivyokuwa mezani kwangu, zenu mtaweka wenyewe. Loda ndogo mpya ya dizeli niliandikiwa 38,000. Makucha 3,000. Trela imara la kuibebea 5,000. Jumla 46,000. Nikasema nitaitumia miaka mitano, nitaiuza na trela lake kwa 18,000. Kwa hiyo inayopotea ni 28,000, yaani 5,600 kwa mwaka. Riba: ukikopa 46,000 kwa asilimia 7 kwa miaka mitano, unalipa kama 911 kila mwezi, na riba yote inafika 8,650, yaani 1,730 kwa mwaka. Bima ya mashine, mafuta, oili, vichujio, na akiba ya kubadilisha mikanda ya mpira, ambayo si ya bei ya ndala, nikaweka karibu 3,000. Ukijumlisha unapata kama 10,300 kwa mwaka.

Kukodisha pale ninapokodisha ni dola 300 kwa siku. Gawanya. Siku 34. Nikiitumia chini ya siku 34 kwa mwaka, anayekodisha ananishinda anayenunua. Kazi zangu tisa zilikuwa siku 12. Hata nikiongeza miezi iliyobaki na kujipendelea kidogo, sikuvuka 25.

Nikakodisha misimu miwili. Na hapa kuna ujanja ambao haukuniingia akilini mpaka nilipolipa ankara nyingi: bei ya wiki si bei ya siku moja mara saba, mara nyingi ni kama ya siku tatu au nne. Kwa hiyo nilianza kuwapanga wateja. Mwenye mti wa nyuma, mbali, nikamwambia, mama, wewe nitakuja wiki ya tarehe fulani. Wote wa aina yake nikawasukuma wiki hiyo. Hakuna aliyekataa. Mti uliokaa miaka 80 unaweza kusubiri siku 10.

Upande wa faida sasa, maana mpaka hapa nimesema gharama tupu. Mfanyakazi namlipa dola 24 kwa saa, lakini ukiongeza kodi za mwajiri na bima ya wafanyakazi, kwangu ananigharimu 34. Na bima hiyo kwa watu wa miti ni ya juu sana, mnajua wenyewe, kampuni za bima zikisikia neno chenso zinakohoa. Wiki ya kawaida tulikuwa tunatumia saa 22 za mtu kuburuta na kubeba. Tuseme loda inazipunguza nusu: saa 11 mara 34, dola 374 kwa wiki. Gharama ya mashine, ukigawa ile 10,300 kwa wiki 40 tunazofanya kazi hapa, ni 257. Inaonekana inalipa, siyo? Muuzaji atakuonyesha hesabu hii hii, kwa rangi.

Lakini saa iliyookolewa si pesa mpaka umeiuza. Ukimaliza saa nane mchana badala ya saa kumi na moja, na huna kazi nyingine ya kwenda, na vijana wako umewaahidi siku nzima, umeokoa nini? Umeokoa jua. Ile sentensi yangu ya jioni, "leo nini kilituchelewesha," nilipozisoma zote 30 pamoja, kuburuta kulitajwa mara nane. Mara 13 niliandika kitu kingine kabisa: tulisubiri mahali pa kumwaga, gari lilijaa, mteja hakuwepo, au sikuwa na kazi ya mchana kwa sababu sikupiga simu za watu walioomba bei. Loda haipigi simu. Mtu wa namna hiyo, na mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo, anahitaji gari kubwa zaidi la kumwagia au jioni mbili kwa wiki za kurudisha simu.

Halafu kuna suala la watu wangapi unao. Wenye timu ya wawili, sikilizeni. Mmoja yuko juu ya mti. Wa pili yuko chini ameshika kamba, anateremsha vipande, macho juu. Loda anaendesha nani? Nimeona mtu anaiacha kamba ya mwenzake kwenda kusogeza gogo kwa mashine, na sitaki kueleza zaidi. Kwa timu ya wawili, loda inafanya kazi baada ya mpandaji kushuka. Inafaa, lakini si ile nusu ya kwenye karatasi. Faida yake inaanza kuonekana mkiwa watatu.

Kwa wenye nia ya kununua, kuna mambo ambayo muuzaji hakukusudia kukuficha ila hayamo kwenye picha.

Uzito. Loda za ukubwa huu zimeandikwa uwezo wa kubeba, tuseme, kilo 450. Namba hiyo ni asilimia 35 ya uzito unaoweza kuipindua, na mara nyingi imepimwa ikiwa na ndoo. Makucha ni mazito kuliko ndoo. Kama makucha yako yanaizidi ndoo kilo 100, umebaki na 350. Sasa gogo bichi la mwaloni mwekundu: mti huo ukiwa mbichi unakaribia uzito wa maji, lita kwa kilo. Gogo la kipenyo cha sentimita 45, urefu mita mbili, ni kama kilo 320. Sawa. Ukiona uvivu wa kukata ukaliacha mita mbili na nusu, unakwenda karibu 400. Kwenye sakafu ya duka itabeba bila shida. Uani kwa mtu kuna mteremko, kuna shimo la sungura, kuna mfuniko wa tangi la maji machafu uliofunikwa na nyasi, na wewe umesimama nyuma kwenye kibao.

Na geti tena. Geti hili linanifuata. Mashine ina inchi 36, geti lina 40, unafurahi. Makucha ya kawaida yanashika gogo kwa mapana, kama mbwa aliyeokota fimbo. Mita mbili za gogo kwenye geti la mita moja. Mnamwona mbwa? Ama ukate vipande vifupi, na chenso inakula muda ule ule uliotaka kuokoa, ama ununue makucha yanayozunguka, na hayo ni bei nyingine, ama ufunge mnyororo uburute gogo kwa urefu na kuchora mfereji kwenye ukoka.

Kuhusu ukoka, watakwambia kwamba mikanda ya mpira inakanyaga kwa upole kuliko mguu wa mtu. Ni kweli, mashine ikiwa tupu na imesimama. Ikishika gogo uzito wote unahamia mbele, na ukigeuka papo hapo mkanda unachuna nyasi kama ngozi ya muhogo. Geuka kwa duara pana, rudi nyuma kwa njia uliyojia, na tandika plaiwudi. Wako wanaopendelea loda za magurudumu zinazojikunja katikati, kama Avant ya Finland. Hizo hazichuni, kwa sababu zinapiga kona kwa kujikunja kiuno. Zinakaliwa, zinainua juu zaidi, na kwa mwenye nyumba kubwa za vitongojini kama Wayzata au Stillwater huenda ndiyo chaguo bora. Kwa mageti ya mjini mimi nimebaki na mikanda. Hapo tunaweza kubishana nje na chai.

Mtaona injini nyingi za loda ndogo zimeandikwa nguvu farasi 24 na kitu, hazifiki 25. Si bahati mbaya. Sheria ya moshi ya serikali kuu inabana zaidi kuanzia kilowati 19, ambazo ndizo kama nguvu farasi 25, na kuvuka hapo kwa kawaida kunaleta vichujio vya moshi na kompyuta zake. Kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe kwenye baridi ya Januari, kubaki chini ya 25 ni neema.

Trela na gari visisahauliwe. Lori dogo, trela, loda, makucha, petroli, chenso nne: pimeni mzani, msikisie. Ukipita pauni 10,000 kwa gari na trela kwa pamoja unaingia kwenye kanuni za magari ya biashara, na askari wa barabarani wa hapa wanazijua. Ukifika 26,001 na trela lenyewe limezidi 10,000, unahitaji leseni ya daraja A. Kuna jamaa alinunua mashine mwezi wa tatu akaipeleka kazini kwa mara ya kwanza mwezi wa sita, kwa sababu hiyo tu.

Mtaniuliza habari ya theluji. "Kaka, si inalipa yenyewe majira ya baridi?" Inaweza. Inafaa sana kwenye njia za miguu. Lakini kumbukeni majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024, yenye joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa hapa. Theluji iligoma kuja. Mwenye mkopo wa mashine aliyeitegemea theluji alilipa kwa akiba ya nyumbani. Ninachopenda mimi kwenye baridi ni ardhi kuganda. Januari loda inapita juu ya ukoka kama inapita lami. Na mialoni inatakiwa ikatwe baridi hata hivyo, kwa ajili ya ule ugonjwa wa mnyauko, tusiiguse Aprili mpaka Julai. Ukipanga kazi za mbali ziwe Desemba mpaka Februari, nusu ya kesi za ukoka zinakufa zenyewe.

Na kaeni mkijua kazi ya ashi haitadumu. Yule mdudu wa kijani anayeua miti ya ashi aligunduliwa Saint Paul mwaka 2009, na wengi wetu humu tumejengwa na yeye, tusione haya kusema. Bodi ya Bustani ya Minneapolis ilianza mwaka 2014 kuondoa miti ya ashi ya jiji ipatayo 40,000, na imemaliza. Iliyobaki ni ya watu binafsi, na kila mwaka inapungua. Mkopo wa miaka mitano leo unalipwa na kazi za miaka mitano ijayo. Zitakuwa kazi gani? Kupogoa hakuna magogo mengi ya kubeba.

Sasa mtasema, mbona basi wewe unayo?

Nina mzee mmoja kazini kwangu, mtu wa Bukavu, ana miaka 47. Mzee kwa kazi hii. Yuko nami tangu mwanzo. Anajua kuteremsha kipande cha mti kwa kamba kati ya paa na kibanda cha mbwa bila kugusa kimojawapo. Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, nilimwona asubuhi anavaa viatu. Aliketi kwenye ngazi ya gari, akanyoosha mguu, akauegemeza kwenye gurudumu, akafunga kamba bila kuinama. Nikamwuliza, mgongo? Akasema, "Hapana bwana mkubwa, ni baridi tu." Siku ile joto lilikuwa la kuvaa shati.

Nilirudi kwenye daftari usiku ule. Kazi zilikuwa zimeongezeka, tulikuwa watu watano, siku za kukodisha mwaka ule zilikuwa zimefika 41. Namba zilikuwa zimeshavuka mstari tayari. Lakini niwe mkweli, hata zingekuwa 30 ningenunua. Mgongo wa mtu yule haumo kwenye ile 34 kwa saa. Kumpata mwingine anayejua anachojua yeye ni miaka, na sijui kama ningempata. Sasa yeye ndiye anayeendesha loda. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuishika bila ruhusa yake, mimi nikiwemo. Amejiwekea sheria: gogo linabebwa chini, karibu na ardhi, kama ndoo ya maji, kwenye mteremko upande mzito unatazama juu, na hakuna mtu anayetembea mbele ya mashine wala pembeni mwa gogo. Kijana akisahau, anazima injini, anakunja mikono, anasubiri. Hapigi kelele. Inatosha.

Msiinunue Desemba kwa kukimbia kodi. Mhasibu atakwambia sheria inaruhusu kukata bei yote mwaka huo huo, na ni kweli. Lakini kukata dola 40,000 kwenye mapato hakukurudishii 40,000. Kunakurudishia sehemu tu, na mkopo unabaki mzima.

Kaka yangu wa kalamu. Uliniambia una kazi kama 60 kwa mwaka, mko wawili, nyingi ziko kaskazini mwa Minneapolis kwenye vichochoro, na hujui mageti yako yana upana gani. Usinunue mwaka huu. Nunua toroli na futikamba. Andika kazi 30, halafu nipigie, na safari hii sitasema inategemea.

Mashine iko nje, na mzee wa Bukavu yuko nayo, amekuja maalumu. Ataiwasha, ina inchi 36 kamili mkanda mpaka mkanda. Mwenye futikamba apime mwenyewe, asiniamini. Ila msisimame mbele yake, atazima.